Uzi wa chembalo: najenga kinanda kidogo cha Kiitalia kwa randa, patasi na risha ya kunguru

Mwana wa Tezo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji kimya wa jukwaa hili la ufundi kwa miaka mingi. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza, na utakuwa mrefu, kwa hiyo mwenye chai yake asogee.

Mimi ni mtoto wa Nungwi. Mzee wangu ni fundi wa majahazi, na babu kabla yake. Nimekulia ufukweni kwenye vumbi la mbao na harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo. Riziki imenileta kaskazini mwa Italia, eneo la Emilia, na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi katika karakana ya watu watatu inayojenga machembalo. Waitalia wanasema clavicembalo. Kazini tunafupisha, chembalo, nami nitaliita hivyo. Wengine mtalijua kwa jina lake la Kiingereza, hapsikodi.

Kwa nje lina vibonyezo kama piano. Ndani hakuna nyundo. Ukibonyeza, kijiti chembamba kinaruka juu, na kidole chake kidogo cha unyoya wa ndege kinaudonoa uzi. Ukiachia, kijiti kinarudi chini na kitambaa kinauzima uzi. Habari yote ni hiyo, na hiyo habari imewashughulisha mafundi wa nchi hii zaidi ya miaka mia tano.

Machembalo ya karakana ni ya wateja. Hili ninalotaka kuwaonyesha ni langu, la jioni na Jumamosi. Mwenye karakana kaniruhusu nitumie benchi na zana. Ni ottavino, yaani chembalo dogo linaloimba oktava moja, ngazi nzima ya sauti nane, juu ya kawaida. Urefu mita 1 na sentimita 10, upana sentimita 70, vibonyezo 45, safu moja ya nyuzi za shaba. Tangu ubao ulipotoka kwa muuza mbao haujaguswa na mashine: msumeno wa mkono, randa, patasi, gundi ya ngozi.

Nilipokuja huku nilidhani nitajifunza kutengeneza sanduku zuri, kisha nitafundishwa kulitia nyuzi. Ikawa kinyume. Fundi anaanza na uzi mmoja wa shaba, ajue utakatika kwenye sauti gani, na kutoka hapo kila kipimo kingine kinapatikana, hadi upana wa ubao wa chini. Nataka niwaeleze hilo taratibu.

---

Fundi Lushoto

Naweka kambi hapa. Mkuu, anza na hilo la uzi kukatika, sijalipata. Uzi mnene si ndio unaokaa zaidi?

---

Mwana wa Tezo

Kaka, hata mimi nilidhani hivyo. Chukua waya wa shaba ya njano, ufunge juu ya ubao, anza kuukaza huku unaupiga. Sauti inapanda, inapanda, mpaka waya unakatika. Sasa chukua waya wa shaba ile ile, urefu ule ule, unene mara mbili. Ukaze. Utakatika karibu na sauti ile ile. Mnene unabeba mzigo mkubwa zaidi, kweli, lakini wenyewe ni mzito zaidi, kwa hiyo kuufikisha kwenye sauti hiyo unauvuta kwa nguvu kubwa zaidi. Faida na hasara zinafutana. Kinachobaki kuamua ni madini na urefu. Ukiufupisha nusu, unapanda oktava nzima kabla haujakatika.

Jambo la pili: uzi unaimba vizuri ukiwa karibu na kukatika, ukiubakishia nafasi ndogo ya usalama. Ukiwa mlegevu unatoa sauti butu.

Basi mafundi wa Italia, waliopenda shaba, walijua kwamba kwenye chembalo la kawaida uzi wa C iliyo oktava moja juu ya C ya katikati unataka urefu wa kama sentimita 27. Anayetumia chuma anaweza kwenda kama sentimita 35, kwa sababu chuma kinavumilia zaidi. Langu linaimba oktava juu, kwa hiyo nusu yake: sentimita 14. Oktava moja chini ya hapo, 28. Chini yake tena, 56. Weka alama hizo kwenye ubao, kila moja mahali pa kibonyezo chake, uunganishe ncha kwa mstari. Unaona mkunjo? Ule ubavu wa chembalo la Kiitalia uliobonyea sana kama kiuno, ambao watu wanadhani ni urembo, ndio huo mstari. Uzi wa chini kabisa hesabu ingedai sentimita 112. Hapo fundi anakatisha, anaufupisha na kutia waya mnene. Wangu nimeuishilizia 90.

Ukitia chuma kwenye urefu wa shaba hakikatiki, ila kinaimba kama kimelala. Ukitia shaba kwenye urefu wa chuma inakatikia mikononi kabla hujafika sauti.

---

Binti Kisauni

Shukran kwa darasa. Swali la mtu asiyejua: ukibonyeza kwa nguvu linalia kwa nguvu?

---

Mwana wa Tezo

Hapana dada. Risha inaudonoa uzi kwa kiasi kile kile, uwe umebonyeza kwa hasira au kwa upole. Mpigaji anapata uzito na wepesi kwa njia nyingine: muda anaoshika kibonyezo, sauti ngapi anazirundika pamoja, wapi anaacha pumzi.

Na aliyekwenda kutafuta dawa ya jambo hilo alikuwa fundi wa machembalo. Bartolomeo Cristofori, aliyezaliwa Padova mwaka 1655, alichukuliwa na mwanamfalme Ferdinando de' Medici kufanya kazi Firenze. Orodha ya vyombo vya Medici ya mwaka 1700 tayari inakitaja chombo chake kinachotoa sauti ndogo na kubwa. Ndiyo piano ya kwanza. Aliendelea kujenga machembalo pia mpaka uzee wake, alifariki 1731.

---

Kanuni ya Vuga

Mwana wa Tezo, mimi napiga kanuni, chombo cha nyuzi cha kulaza mapajani, kwenye taarab hapa mjini. Umesema kidole cha unyoya kinaudonoa uzi. Sisi tunavaa pete mbili za bati kwenye vidole vya shahada, tunachomeka risha humo. Neno risha lenyewe kwa Kiarabu ni unyoya. Mbona unalolielezea ni kanuni iliyotiwa vibonyezo?

---

Mwana wa Tezo

Ami, umegusa pale pale. Ulaya ya zamani walikuwa na zeze la bapa la kudonoa lililofika kutoka kwa Waarabu kupitia Hispania, na katika nchi kadhaa waliliita kwa majina yaliyotokana na neno kanuni. Kisha mwaka 1397 mwanasheria mmoja wa Padova aliandika barua kwamba kuna mtu aitwaye Hermann Poll anayedai kubuni chombo kiitwacho clavicembalum. Huko ndiko jina linapoonekana mara ya kwanza. Chembalo kamili la kale zaidi lililobaki lenye tarehe ni la Vincentius, la 1515 hadi 1516, liko Siena. London katika jumba la Victoria and Albert lipo la Hieronymus wa Bologna, la 1521.

Kanuni yako ina nyuzi 78, tatu tatu, na vidole viwili vyenye risha. Humu kila uzi una risha yake, na vidole kumi vya kuzichagua. Tofauti kubwa ni kwamba daraja la kanuni, ule mti unaobeba nyuzi, linakaa juu ya ngozi, la chembalo liko juu ya ubao mwembamba.

Na jambo jingine limenijia. Wazee wetu waliposema kinanda walimaanisha chombo cha nyuzi, kabla neno halijahamia kwenye vinanda vya vibonyezo. Hiki nacho ni vyote viwili.

---

Kanuni ya Vuga

Endelea, mwanangu. Nakusoma na miwani.

---

Mwana wa Tezo

Sasa tuje kwenye mbao, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Ukienda Bologna, kwenye lililokuwa kanisa la San Colombano, kuna mkusanyiko wa vinanda uliokusanywa na Luigi Ferdinando Tagliavini, mpiga ogani aliyefariki 2017. Vingi vinapigika hadi leo. Mara ya kwanza nilipoingia nilichungulia ubavu wa chembalo moja la kale nikadhani limevunjwa limebaki ganda. Ubao wa ubavu una milimita nne hivi, unene wa daftari la skuli. Nimetoka kwenye majahazi. Kwetu ubao wa unene huo ni wa kuwashia moto.

Ndivyo Waitalia walivyojenga. Chembalo lenyewe ni jepesi, la mberoshi mtupu usiopakwa rangi, nalo linakaa ndani ya kasha la nje, zito, lenye michoro na dhahabu. Baadaye wengine walijenga chombo kimoja chenye ubao mnene, wakabandika mberoshi mwembamba na nakshi kwa ndani ili kionekane kama viwili.

Zile nakshi za ukingoni nazo zina kazi. Ubao wa milimita nne ukingo wake wa juu unayumba. Ukigundishia kanda ya nakshi ndani na nje, unakakamaa. Nakshi zangu nimezikwangua kwa kipande cha chuma cha msumeno nilichokitia umbo kwa tupa, nikakivuta juu ya ubao huku na huku mara mia. Inatoka kama kamba ndefu laini, na harufu ya mberoshi inajaa chumbani.

Sasa swali la fundi: ubao mwembamba hivyo unasimamaje nyuzi zikivuta? Kwangu nyuzi za juu zinavuta kama kilo mbili kila mmoja, za chini zaidi. Zote pamoja zinakaribia kilo mia.

Jibu liko kwenye mpangilio wa kazi. Antwerp kwa akina Ruckers, familia ya mafundi wa machembalo, na Paris baada yao, walisimamisha mbavu nene kwanza, wakaunga, wakatia mihimili, na ubao wa chini ukaja mwishoni kama kufunga kifuniko. Italia wanaanza na sakafu. Unalaza ubao wa chini juu ya benchi, wangu ni wa msonobari wa milimani, milimita 13. Juu yake unachora kila kitu kwa ncha ya kisu: mstari wa nyuzi, mahali pa vibonyezo, mkunjo wa ubavu. Hakuna karatasi. Ukifungua chembalo la kale unaikuta mikwaruzo ya mwenyewe bado ipo kwenye ubao. Kisha unasimamisha magoti, vipande vya pembetatu, pembeni kote, yameshika sakafu na yametazama nje. Juu ya magoti unapitisha papi za kubeba ubao wa sauti, ule mwembamba unaokaa chini ya nyuzi. Mwisho kabisa ndipo unauzungushia ubavu, kama mtu anayevishwa shuka. Mzigo wa nyuzi unashuka kupitia magoti hadi sakafuni. Ubavu unafunga tu.

Mzee wangu nilipomweleza kwa simu alinyamaza kidogo. Yeye analaza mkuku, anapanda mbao za ubavu kwanza, na mataruma mengi, zile mbavu za ndani za jahazi, yanakuja baadaye kufuata umbo la mbao. Akaniuliza, "Kwa hiyo hao mataruma kwanza, mbao baadaye?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi umbo wanalijua kabla hawajaanza." Nikamwambia ndiyo baba, wameshalipata kwenye uzi.

Vipimo navyo vitawapendeza. Fundi wa Firenze alipima kwa braccio, maana yake mkono, kama sentimita 58, uliogawanywa soldi 20. Wa Venezia alikuwa na futi yake ya kama sentimita 34.8, inchi 12. Ukilipima chembalo la kale kwa milimita unapata tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Ukilipima kwa kipimo cha mji wake zinakuja namba nzima, na hiyo ni njia mojawapo wataalamu wanayotumia kujua chombo kisicho na jina kilitoka mji gani. Kama vile mtu apime jahazi la Nungwi kwa mita, asielewe, kisha apime kwa dhiraa.

---

Fundi Lushoto

Mkuu hapa umenimaliza. Huo mberoshi ndio saipresi yetu? Huku milimani imejaa, tunapigia dari na milango.

---

Mwana wa Tezo

Ni ndugu, si yule yule. Ya huko Usambara na kwenye nyanda za juu za Kenya ni ya asili ya Mexico, ililetwa kupandwa. Ya hapa ni ile nyembamba ndefu inayosimama makaburini. Ya kwenu inakua haraka, pete zake ni pana. Kwa chembalo tunatafuta pete za karibu karibu, ubao uliopasuliwa ukiangalia moyo wa mti, bila fundo. Ila kama una ubao wa mti mzee uliokua kivulini, usiupigie dari. Uweke.

---

Binti Kisauni

Huo ubavu uliukunjaje bila kupasuka?

---

Mwana wa Tezo

Wa kwanza ulipasuka.

Nilikuwa nimeuranda vizuri, milimita nne kila mahali, nilikuwa na raha nao. Tunapasha chuma cha mviringo juu ya makaa, unalowesha ubao kwa kitambaa, unaulaza juu ya chuma na kuuvuta pole pole. Matone yakigusa chuma yanakimbia kama vidudu. Unasubiri. Kuna wakati ubao unalegea mikononi ghafla, kama mtu aliyeacha kubishana, na hapo ndipo unaukunja, unaushikilia mpaka upoe. Nilikuwa nimekwishapita sehemu kubwa ya kiuno niliposikia mlio mdogo, tk, na ufa ukakimbia kuelekea ukingoni.

Moto haukuwa na kosa. Nilipougeuza ubao nikauona mkondo wake: mistari ya mti ilikuwa inaukimbia uso wa ubao, inaingia upande mmoja na kutokea mwingine. Nilikuwa nimepasua kwa msumeno nikifuata mstari wa penseli badala ya kufuata mti. Ubao mnene unasamehe hilo. Wa milimita nne hausamehi. Nilimpigia mzee usiku ule. Akasema, "Mbao haijapasuka ulipoikunja. Imepasuka ulipoikata."

Wa pili nilianza na gogo dogo, nikalipasua kwa kabari ili lifunguke lenyewe kwa mkondo wake, ndipo nikaranda. Ulijikunja bila sauti.

---

Ummu Salim, Maskati

Mwanangu, nimesoma kwa furaha, mume wangu alikuwa mpiga udi. Nina swali ambalo huenda wengine wanaliona dogo. Nimesikia vinanda vya kale vya Ulaya vilitumia vitu vya nguruwe. Wewe unafanyaje?

---

Mwana wa Tezo

Mama, si dogo, nililiuliza wiki yangu ya kwanza.

Gundi kwanza. Ninayotumia ni ya ngozi ya ng'ombe. Inakuja kama punje za sukari guru. Unailoweka usiku, asubuhi imevimba, unaipasha ndani ya chungu kilichokaa kwenye maji ya moto. Isizidi nyuzijoto 60 na kidogo, ikichemka inakufa nguvu. Unapasha na mbao zenyewe, maana gundi ikikuta ubao wa baridi inaganda kabla hujabana. Uzuri wake ni kwamba miaka mia baadaye fundi mwingine atatia joto na unyevu, kiungo kitafunguka, atatengeneza na kufunga tena. Ndiyo maana machembalo ya kale yapo hai.

Nguruwe yumo kwenye kile kijiti kinachoruka. Waitalia wanakiita saltarello, kirukaji. Ni ubao wa mjozi au mpeasi, mwembamba kama rula. Kichwani kuna dirisha, dirishani kuna ulimi mdogo unaocheza kwenye ekseli ya waya, na ulimini ndimo risha inamochomekwa. Kirukaji kikipanda, risha inadonoa. Kikishuka, risha inaugusa uzi kwa juu, ulimi unarudi nyuma, unapita, unasimama tena. Kinachousimamisha ni springi, na kwa kawaida springi hiyo ni unywele mmoja wa nguruwe.

Lakini baadhi ya virukaji vya kale vya hapa hapa Italia vina springi ya kibati chembamba cha shaba. Mwenye karakana alinionyesha, akasema nichague. Virukaji vyangu vyote 45 vina shaba. Ni kazi zaidi, kibati kikiwa kigumu kidogo ulimi unakataa kurudi, nimevitoa na kuvipunguza kwa tupa jioni nne mfululizo. Lakini ni njia ya zamani ya kweli.

---

Ummu Salim, Maskati

Allah akubariki mikono. Nimefurahi kuliuliza.

---

Mzee wa Feri

Nyie mnaongelea risha, huku Dar kunguru wamejaa hadi wanatunyang'anya samaki mkononi. Si uwachukue wote?

---

Mwana wa Tezo

Mzee wangu, unyoya wa kunguru ndio hasa uliotumika, pamoja na wa kunguru mkubwa wa milimani na wa tai. Hapa Emilia kunguru ana koti la kijivu. Mwezi wa saba na wa nane wanapukutisha, naokota chini ya miti njiani kwenda kazini. Kinachotakiwa ni ule mhimili wa unyoya mkubwa wa bawa, si nywele zake. Hao wa Dar walitoka India, waliletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka, wakavuka bara. Ni wadogo kuliko wa huku, mhimili wao ni mwembamba, na kwa ottavino wembamba unafaa. Kuzileta Ulaya kunataka vibali vya mifugo kwa sababu ya magonjwa ya ndege, kwa hiyo siwezi. Lakini mwenye udi hapo Dar asiache kujaribu moja.

Kuchonga risha ndiyo kazi ninayoipenda kupita zote. Unachomeka kipande ulimini, unakikata kiwe kirefu kuliko kinavyotakiwa, unarudisha kirukaji mahali pake na kubonyeza. Kinatoa mlio mkali wa kukwaruza. Unatoa, unalaza ncha juu ya kipande cha mti mgumu, unapunguza kwa chini, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Unarudisha. Unabonyeza. Juu huigusi kabisa, maana uso wa juu wa unyoya ndio wenye ugumu. Ncha unaikata mshazari ili uzi uteleze. Tone moja la mafuta ya zeituni. Kuna mkato mmoja ambao kabla yake uzi unakwaruza na baada yake uzi unaimba, na huwezi kujua ni upi mpaka umeukata. Ukizidisha mmoja, unaanza na unyoya mpya. Vinanda vingi leo vina risha za plastiki ngumu, zinadumu, na wateja wetu wengi wanazitaka. Unyoya unachakaa mapema, lakini chini ya kidole una ulaini fulani: unausikia uzi kabla haujaachia.

---

Mpiga kinanda wa kwaya, Goma

Bwana Mwana wa Tezo, jambo. Mimi napiga kinanda kanisani. Umesema vibonyezo 45. Nimehesabu: oktava nne kamili kutoka C hadi C ni 49. Vinne vimeenda wapi?

---

Mwana wa Tezo

Ndugu yangu, umehesabu sawasawa. Upande wa kushoto kabisa kibonyezo cha kwanza kwa macho ni E. Ukikibonyeza kinalia C. Ile nyeusi iliyo mahali pa F kali inalia D. Nyeusi ya G kali inalia E. Baada ya hapo kila kitu kiko mahali pake. Nyimbo za wakati ule karibu hazikuhitaji C kali, E bapa, F kali wala G kali chini kule, kwa hiyo fundi hakujenga nyuzi ambazo hakuna atakayezigusa. Mkono wako utachanganyikiwa siku tatu. Kisha utagundua kwamba kushoto unafikia nafasi pana ambazo kwenye kinanda cha kanisani hufikii.

Na utakapolisikia utaniuliza kwa nini C na E zinatulia hivyo. Halifungwi, yaani halilinganishwi sauti, kama kinanda chako. Linafungwa kwa njia iliyoelezwa na Pietro Aaron wa Italia mwaka 1523: kila C na G, G na D, zinabanwa kidogo sana, ili C na E zisimame safi bila kutetema hata kidogo. Kwenye kinanda cha umeme C na E daima zinatetema, ila tumezoea. Gharama yake ni kwamba nafasi moja, kati ya G kali na E bapa, inalia vibaya kabisa. Wafungaji wa Ulaya wanaiita mbwa mwitu. Mtunzi alijua yuko wapi, akapita mbali.

---

Fundi Lushoto

Mkuu, ukilileta Unguja litaishi? Huo unyevu wetu?

---

Mwana wa Tezo

Kaka, hili linanikosesha usingizi kweli.

Ubao wa sauti, mberoshi wa milimita 3 katikati na 2.5 pembeni, nilisubiri wiki tatu kabla ya kuugundisha. Ulikuwa mwezi wa pili, baridi kali nje, ndani moto unawaka na hewa imekauka. Unataka ubao uwe umesinyaa kadiri inavyowezekana siku unapoufunga. Ukiufunga umevimba, hewa ikikauka mara ya kwanza utasinyaa na kwa kuwa umeshikwa pande zote utapasuka. Ukiufunga umesinyaa, kazi yake baadaye ni kuvimba tu, utainuka kidogo katikati na nyuzi zitapanda sauti, basi.

Kwenye masika ya Unguja utainuka sana. Vibonyezo vitabana. Gundi ya ngozi kwenye joto na unyevu wa namna ile inalegea. Siwezi kukudanganya kwamba litakaa kama linavyokaa hapa. Lakini kanuni ya ami wa Vuga ina ngozi chini ya daraja, na ngozi inacheza na hewa kuliko ubao, na kila jioni anaifunga upya na taarab inapigwa. Nitalileta mwezi wa saba, kipupwe, wakati hewa ni nzuri kidogo, likiwa ndani ya kasha lake.

---

Kanuni ya Vuga

Lilete. Tutakufungia sisi.

---

Mwana wa Tezo

Wakuu, samahani kwa ukimya wa wiki mbili.

Misumari ya kukazia nyuzi imekaa yote, chuma laini, haina meno ya skrubu, inashikwa na ubao wa mjozi peke yake. Jana usiku nilitia nyuzi kumi za kwanza, kuanzia katikati kwenda juu. Unatengeneza kitanzi kwa kuusokota waya juu ya nafsi yake, unautia kwenye pini ya nyuma, unaupitisha darajani, unauzungusha kwenye msumari, unakaza. Shaba mpya inanyooka, kwa hiyo kila uzi ulioufikisha kwenye sauti dakika kumi baadaye umeshuka, na ukiukaza unaofuata, wa kwanza unashuka tena kidogo kwa sababu ubao umepokea mzigo. Nilizunguka zile kumi mpaka saa sita usiku.

Kisha nikamweka mzee kwenye simu, nikalaza simu juu ya ubao wa chini, nikabonyeza C. Akasema nirudie. Nikarudia. Akauliza ubao wa juu una unene gani, nikamwambia milimita tatu. Akasema nibonyeze tena, na safari hii niache kidole chini mpaka sauti iishe yenyewe.

Waya wa shaba nyekundu wa nyuzi za chini haujafika bado. Ukifika nitarudi hapa.